Mabuti ya Mzee Mgaya

Mnicheke taratibu, maana bado naumia. Mimi ni karani wa mahakama hapa Njombe, nasajili amri za kuwatoa wapangaji kwenye nyumba za watu.

Juzi walifika wawili kutoka Makambako. Mmoja alivaa suti na viatu vya kung'aa. Mwenzake, Mzee Mgaya, alivaa mabuti yaliyojaa udongo wa shamba la viazi. Hukumu ya kesi yao ya nyumba sikuisoma. "Viatu vyenu vinanitosha," nikawaambia kwa maringo, nikamwandika wa suti kuwa mwenye nyumba na mzee kuwa mpangaji. Dalali wa mahakama akaondoka na karatasi yangu kwenda kumtoa mpangaji.

Jana wakarudi pamoja, wanacheka.

"Kamwene, mwanangu," mzee akanisalimu kwa kikwao. "Dalali ameyatoa makochi yangu nje. Huyu wa suti ndiye amenihifadhi chumbani kwake, nyumba ile ile."

"Baba, amri ni amri," nikamjibu, nikafungua hukumu na kuisoma kwa sauti ili foleni nzima isikie. Nilipofika penye jina la mwenye nyumba, nikajisikia nikilitaja la Mgaya.

Mzee akapandisha buti lake juu ya benchi, taratibu.

"Endelea, mwanangu. Ukimaliza hiyo, soma na hili."