Koti la Jeshi Halikwenda Barazani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipotoka nyumbani kwetu Nshamba nimevaa koti la jeshi la mume wangu, na sikufika hata barabarani. Nakueleza habari hii kwa sababu juzi nilikuona sokoni Miembeni umevaa kofia ya jeshi ya mumeo, unanunua nyanya, na muuzaji akakuhudumia wewe kwanza na kuwaacha wenzako waliotangulia. Sikukusemesha mbele za watu. Nilisema nitangoja uje hapa, ule kwanza, ndipo tuzungumze.

Mimi nilizaliwa Kashozi, nikaolewa Nshamba nikiwa bado binti. Ilikuwa miaka ya ujamaa. Watu tulikuwa tunaitana ndugu, na kila kijiji kilikuwa na mwenyekiti na baraza lake. Mume wangu, Kamugisha, alikuwa askari wa jeshi, kambi yake mbali sana na wilaya yetu ya Muleba, na nyumbani alikuja kwa likizo tu. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki na kumwachia kibanja, shamba la ukoo la migomba na kahawa lililoshuka hadi kule bondeni kwenye kijito. Nilibaki hapo na mama mkwe wangu, Mae Kokubelwa. Mae ndivyo sisi tunavyomwita mama kwa heshima, nawe unajua. Alikuwa mwembamba, msemaji wa sauti ya chini, na ukimwudhi ananyamaza kwanza.

Kibanja chetu kilipakana na cha Rwegoshora, mtoto wa baba mkubwa wa Kamugisha. Msimu mmoja nilishuka bondeni kuchuma kahawa nikamkuta Rwegoshora na vibarua wake wanachuma mibuni yetu. Ile milamula, mimea ya kuonyesha mpaka iliyopandwa tangu zamani, sikuiona tena. Mahali pake palikuwa pametandazwa nyasi kavu, nadhifu kabisa, kama shamba lililotunzwa na mwenyewe.

Nikamwuliza, "Shemeji, mpaka uko wapi?"

Akanijibu bila kusimama, "Wewe ni mtu wa Kashozi. Mpaka wa huku umeujulia wapi? Kamugisha akirudi tutazungumza wanaume."

Nilipanda mlima nalia, mwanangu, sikufichi. Kahawa ile ndiyo iliyotuvisha na kumnunulia Mae dawa. Na Kamugisha angerudi lini? Barua ilichukua muda mrefu kufika kambini, na ruhusa ilichukua muda mrefu zaidi. Nilikwenda kwa mwenyekiti nikaeleza, naye akapanga siku ya baraza.

Nilikuwa na rafiki yangu, Anastela, jirani mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika. Tulipokutana kisimani akaniambia, mbele ya kina mama wengine, "Unahangaika nini na nyumbani una koti la jeshi? Livae siku hiyo. Rwegoshora akiliona atasahau hata jina lake." Kina mama wakacheka, na mimi nikacheka, lakini neno lile nikaondoka nalo.

Siku ya baraza niliamka mapema, nikalitoa kabatini koti aliloliacha Kamugisha. Lilikuwa zito, linanipwaya mabegani, mikono yake nikaikunja. Nikafunga vifungo vyote hadi shingoni. Nilipotoka uani, mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli aliniona kwa mbali, akashuka, akaisukuma hadi aliponipita, kisha akapanda tena. Nilijiona nimerefuka. Nikasema moyoni, leo Rwegoshora atanijua.

Mae alikuwa amesimama penye njia ya kutokea kibanjani. Alilitazama koti, halafu akasema kwa Kihaya, "Vua."

Nikamwambia, "Mae, wataninyang'anya shamba."

"Mwanangu alikula kiapo ndipo akapewa nguo hiyo," akasema. "Wewe kiapo chako ulikula kanisani, na ulikuwa na gauni. Kavae gauni."

Nikamwambia tena kwamba bila koti hakuna atakayenisikiliza, kwa kuwa mimi ni mwanamke na ni mgeni. Akanisogelea akaanza kunifungua vifungo yeye mwenyewe, taratibu, kama anavyomvua mtoto nguo zilizolowa.

"Ukishinda na koti, watasema koti ndilo lililoshinda," akasema. "Siku Kamugisha akilichukua kurudi nalo kazini, Rwegoshora naye atarudi shambani. Na ukishindwa je? Si atawaambia wakubwa wa mwanangu kwamba mkewe anatisha watu kwa nguo ya serikali? Kesi ya kibanja itageuka kesi ya koti. Nenda ukawaonyeshe ardhi. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Nikalivua. Nilikuwa na hasira, sitakudanganya, lakini nililivua, nikavaa gauni langu la kanisani na kitambaa kichwani.

Tulipofika barazani, nilishtuka kumwona Rwegoshora amekuja na mgambo. Kumbe maneno ya kisimani yalikuwa yamemfikia. Mwenyekiti alipofungua kikao tu, Rwegoshora akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, kabla ya yote, mwanamke huyu ananitishia kwa mavazi ya jeshi. Si askari, naye anayavaa. Ndiyo maana nimemwomba ndugu huyu wa mgambo aje ashuhudie na kumchukua."

Watu wote waligeuka kunitazama. Na mimi nimekaa pale na gauni langu la maua, mikono nimeiweka magotini.

Mwenyekiti akauliza, "Mavazi yenyewe yako wapi, Ndugu Rwegoshora?"

Rwegoshora akanitazama mimi, akamtazama mgambo. Mzee mmoja akaanza kucheka, akajificha kwa kikohozi, lakini kina mama hawakujificha. Yule mgambo alitazama chini, akaaga, akaondoka kwenda zake. Hapo nilimtazama Mae. Hakucheka. Alinipa ishara kwa kidevu kwamba nisimame.

Nikasimama. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, mume wangu hayupo kwa sababu analinda nchi hii, pamoja na kibanja cha Ndugu Rwegoshora. Mimi sina maneno mengi. Naomba baraza lishuke bondeni lione."

Walishuka. Kijiji kizima kilishuka, mwanangu, watu wamefuatana kwenye migomba kama tunakwenda kwenye harusi. Tulipofika kwenye zile nyasi kavu, mwenyekiti akaamuru zikusanywe. Kina mama waliinama pamoja nami, Anastela akiwa wa kwanza. Na chini ya nyasi, mbele ya macho ya watu wote, vikaonekana visiki vya milamula, kimoja baada ya kingine, vimenyooka kutoka juu hadi kijitoni. Panga lilikuwa limekata shina, mizizi imebaki ardhini, na baadhi vilikuwa vimeanza kuchipua majani.

Sijui ni nani aliyeanza vigelegele. Najua tu kwamba vilipanda hadi barabarani. Wazee hawakuwa na haja ya kwenda kando kushauriana. Mwenyekiti alimwambia Rwegoshora apande milamula mipya pale penye visiki vilivyokufa, siku ile ile, na kahawa aliyoichuma airudishe nyumbani kwetu. Akapanda, na mimi nikamshikia miche, kwa kuwa alibaki shemeji yangu. Alipomaliza, aliniambia kwa sauti ndogo, "Nilidhani utakuja na koti." Nikamwambia, "Hata mimi."

Jioni hiyo tulipika ndizi kwa samaki, na nyumba ilijaa majirani. Toka siku ile sikuitwa tena mtu wa Kashozi. Mwanamke mwenye shauri barazani alikuja kwanza kwangu nimsindikize, na baadaye walinichagua niwe mjumbe wa baraza lenyewe. Kamugisha alipokuja likizo alisimuliwa yote njiani kabla hajafika mlangoni. Aliingia, akampigia mama yake magoti, ndipo akanishika mikono na kucheka mpaka akatoa machozi.

Sasa sikia, mwanangu. Sikukatazi kujivunia mumeo. Mtaje kwa kinywa chako, sema mume wangu ni askari, na uinue kichwa unaposema. Lakini kofia, koti, mkanda, hata kile kifungo mnachowabandika watoto kwenye sherehe, hivyo ni vya mtu aliyeapa, na siku yoyote anaweza kuitwa kuvifia. Ukivivaa sokoni ili upate nyanya mapema, unakitumia kiapo chake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe angelionea haya. Na sheria nayo ipo, haitakuuliza kama ulikuwa unafanya mzaha. Heshima yako itafute kwa maneno yako ya kweli na kazi ya mikono yako. Hiyo hakuna atakayekuja likizo akaondoka nayo.

Mungu akulindie mumeo huko aliko, amrudishe mzima. Ardhi yako ikuzalie, watoto wako waitwe kwa majina mema, na popote utakaposimama kusema haki yako, watu wanyamaze wakusikilize wewe.