Kutu ya Madame

Ilianza Jumamosi tarehe 12 Machi 2011, saa nane na dakika arobaini mchana. Najua kwa sababu nilikuwa natazama saa ya jikoni, nangoja kengele ilie na papo hapo naomba isilie.

Ikalia. Mlangoni alisimama madame wa karakana ya uani, mbunifu wa samani, na nyuma yake wanaume wawili wamebeba kochi.

Sisi tulikaa ghorofa ya chini, katika nyumba moja ya Woluwe, huku Ubelgiji, na yeye alikodi banda lililo nyuma yetu. Ni mrefu, nywele fupi, mikono imejaa alama ndogondogo za cheche. Ana desturi yake: kila akimaliza kochi, kabla hajalionyesha popote, hulipeleka likae siku mbili katika nyumba ya jirani. Anasema kochi halijulikani mpaka likaliwe na watu wasioliogopa. Zamu hii ilikuwa yetu.

Mifupa ya kochi lile ilikuwa mabomba ya chuma yaliyotoka katika kiwanda kilichofungwa, mekundu kwa kutu, yameunganishwa kwa boliti nene na kwa kulehemu. Juu yake ngozi ya kahawia, pana, ngumu kidogo.

"Likalieni kama la kwenu," aliwaambia wazazi wangu kwa Kifaransa chake cha watu wa kaskazini. Kisha, alipokuwa anatoka, akaniinamia mimi, maana mimi ndiye niliyezoea kwenda kumtazama akifanya kazi kila Jumatano shule ikitoka mapema. "Waambie kutu isiguswe. Nimeikuza miezi minne. Sawa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ndiyo lugha niijuayo vizuri kuliko zote.

Bon, niseme nilichokuwa nakitaka. Shule ilidai kila mmoja wetu afanye stage, mafunzo ya wiki mbili mahali pa kazi, na karatasi yenye sahihi ilitakiwa Jumatatu. Madame aliahidi kuitia sahihi Jumapili, akija kuchukua kochi lake. Nikikosa kwake, maman alishanipangia kwa tantine, mama yangu mdogo, kwenye saluni yake ya Galerie d'Ixelles, ambako wateja sita wanakuuliza kwa pamoja kama una mchumba. Ningekufa siku ya kwanza, kabla ya saa nne.

Maman alilizunguka kochi mara mbili. "Iko muzuri," akasema. "Lakini iko uchi." Akatoa vitambaa vyake vya kufuma, vile vyeupe alivyotoka navyo Lubumbashi, akalivika mgongo na mikono.

Halafu papa akarudi kutoka hospitali, ambako anasafisha sakafu. Huko kwetu alikuwa fundi wa kulehemu kwenye kiwanda cha shaba. Hakukaa. Alipiga magoti, akainua kitambaa, akapitisha kidole juu ya bomba.

"Nani aliacha hii chuma inakufa hivi?"

"Achana nayo," maman akasema. "Ni kintu ya muntu."

"Njo sababu. Kintu ya muntu unarudisha safi kuliko vile ulikamata."

Na hilo kwetu ni sheria. Sufuria ya jirani hairudi na masizi. Akaleta msasa na mafuta kutoka cave, stoo ya chini ya nyumba, akatandika magazeti, akaanza.

Mimi nilisimama na chai yake mkononi. Nilikuwa na maneno yote tayari.

"Papa..."

"Mm?"

"Sukari ngapi?"

"Mbili, kama siku zote. Mutoto, uko mugonjwa?"

Alikuwa anapiga mluzi. Tangu tufike Ubelgiji sikuwahi kumsikia akipiga mluzi. Nikaweka chai chini, nikaenda chumbani kwangu, nikasikiliza msasa mpaka ukanyamaza.

Jumapili, saa kumi, madame akaja. Papa alikuwa bado na suti ya kanisani, amesimama kando ya kochi kama baba wa bibi harusi. Mabomba yaling'aa. Madame akatazama, akatazama tena. Papa akadhani furaha imemziba mdomo.

"Nilitengeneza kidogo, madame."

"Merci, monsieur," akasema taratibu. Akanijia, akashusha sauti. "Ulimwambia, bila shaka. Hakukuelewa tu."

Alinifungulia mlango kabisa. Ningeitikia kwa kichwa, basi, yangeisha, na lawama ingebaki kwa papa.

"Sikumwambia," nikasema. "Nilijua, nikanyamaza."

Ilitoka kwa nguvu kuliko nilivyopanga. Papa akasikia.

"Ulijua nini?"

Nikamweleza. Akalitazama kochi, kisha mikono yake.

"Sasa juu ya nini ulinyamaza, we mutoto?"

"Ulikuwa unapiga mluzi, papa."

Maman ndiye aliyecheka kwanza, akajificha nyuma ya kitambaa. Papa akamgeukia madame. "Pardon, madame. Lakini kutu, huko kwetu, tulipigana nayo kila siku."

"Mimi naipalilia kama maua."

"Maskini," papa akasema, na alimaanisha.

Madame hakucheka mara moja. Alikaa, akapapasa kiungo kimoja kilicholehemiwa, pale papa aliposugua mpaka chuma kikawa laini. "Hapa umefanya vizuri kuliko mimi," akamwambia. Kisha kwangu: "Maonyesho ni baada ya wiki tatu. Kutu hurudi kwa chumvi na siki, asubuhi na jioni, bila kukosa hata mara moja. Donc, wewe hungoji tarehe ya stage. Unaanza kesho, kabla ya shule."

Akaomba kalamu. Alitia sahihi juu ya mkono wa kochi, karatasi ikiwa imelazwa kwenye kitambaa cha maman. Jioni wakalirudisha karakanani, mimi nimeshika mguu mmoja.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilichanganya chumvi na siki kwenye chupa ya kunyunyizia, nikapiga magoti, nikaanza na bomba la kulia. Papa alikuwa anakwenda kazini. Akasimama mlangoni mwa karakana na mfuko wake wa chakula, akatazama kazi yake ikiharibiwa.

"Uliacha pale chini," akasema, akanyoosha kidole.

Nikanyunyizia na pale, kisha nikakimbilia metro.