Miwani ambayo shangazi hajawahi kuivaa

Jamani, leo kwenye kituo cha afya cha Makole nimeambiwa shangazi yangu ana miwani mpya tangu mwezi wa tatu.

Shangazi huyu wa Kondoa, macho yake hayaoni vizuri, juzi aliliambia pazia langu "karibu mgeni".

Tulifuata miwani yake ya kwanza, kwa bima. Dada wa mapokezi akabofya kompyuta: "Bima imeshalipia, kaka. Na mwenyewe alisaini."

Mimi nimefika mpaka Guangzhou kule China, siibiwi kizembe. Nikamwambia alete nakala ya fomu.

Juu, dawa za malaria. Kweli, mwezi ule aliumwa malaria. Chini, kwa wino mwingine: miwani.

Na sahihi ya shangazi? Imekaa juu ya jina la daktari!

"Shangazi, ulisaini fomu tupu?"

"Walisema nisaini kwanza, baba. Watajaza wenyewe."

Nikamgeukia yule dada: "Mwenye miwani anaweza kusaini hapa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bosi wao akatoka, akasoma, akaufuta ule mstari wa miwani bila kunitazama usoni.

Shangazi alipopewa miwani yake na kuivaa, alinikagua, halafu akasema: "Kumbe umezeeka hivi, mwanangu!"

Nyie mnaosaini fomu tupu, hebu semeni: kwenye karatasi mmeshapewa nini?