Nyota Niliyoiwasha Ukweni

Aibu niliyoipata kule Suma, ukweni, siku ya Krismasi sipendi kuisimulia, ila kwa kuwa mmenikomalia, haya, chekeni mapema tumalize.

Mimi nina ugonjwa wa kompyuta za kizamani (zile za kibodi tupu, unazichomeka kwenye TV), na kila Desemba naingia mashindano ya mtandaoni ambayo mnachora kitu cha sikukuu kwa programu fupi, na mwenye fupi kuliko wote ndiye bingwa. Sasa safari hii nilichora nyota, nikapunguza hapa, nikapunguza pale, mpaka nikafuta na yale maelekezo ya kusafisha kioo, yaani kufuta maandishi yaliyokuwepo, kabla ya kuchora, nikajiambia, kwani kioo kitachafuka na nini? (Fundi huyo!)

Wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Atupele, na baba yake aliahidi kujibu Krismasi, ila alikuwa anauliza watu, "Huyu kijana kazi yake hasa nini? Kubonyeza?" Nikaumia. Nikaamua kwenda na mashine yangu, nyota iwake mbele ya ukoo mzima, anyamaze.

Nilifika wazee wakiwa bado kanisani, Atupele yuko jikoni na ndizi zake. Nikachomeka nyaya, nikataka kujaribu kama herufi zinaonekana, na badala ya kuandika kitu cha maana, nikamchekesha mchumba: MZEE NYAMA, WAGENI MCHUZI. (Ni kweli lakini! Nilipokwenda mara ya kwanza vipande vyote vilikuwa kwenye sahani ya mzee.) Atupele akacheka mpaka akashika mlango, mara tukasikia watu uani, nikazima TV haraka, mashine nikaiacha inawaka.

Baada ya sala ya chakula nikasimama, nikahutubia weee, nikaanzisha programu kwanza ndipo nikawasha TV, nikitaka nyota itokee kwa mbwembwe. Ikatokea jamani, ikameta, na katikati yake, yakiwa yamezungushiwa miale kama kadi ya harusi, maneno yangu.

Baba Atupele akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anasoma somo la ibada. Shangazi mmoja akasema, "Yesu wangu." Mimi nabonyeza kila kitufe, na mashine, kwa utiifu wake, ikachora nyota ya pili.

"Ndaga fijo, asante sana, baba, umetufundisha," mzee akasema taratibu. "Mama Atupele, mletee mgeni nyama."

"Kiasi gani?"

"Yote."

Sufuria zima likatua mbele yangu, ukoo ukala ndizi kwa mchuzi huku ukinitazama ninavyotafuna, na kila nikipumua mzee ananihimiza, "Kula, baba, kula." Watu wakaanza kuaga. Nikajikaza nikauliza habari ya lile jibu.

"Jibu? Wewe kwanza ushibe," akasema. "Tutaongea Pasaka."

Nilirudi kwangu Bulyaga tumbo limejaa na mchumba sina uhakika naye, ingawa yeye mpaka leo akipiga simu anaanza kwa kucheka. Basi nimeapa, maelekezo ya kusafisha kioo sifuti tena hata nikiwa wa mwisho duniani, na Pasaka nakwenda na mkungu wa ndizi begani, basi. Mkungu haujui kuandika.