Uzito wa Wilhelmina

Luhaga alikuwa mpima pamba katika kituo kimoja cha ununuzi njia ya Kisesa, upande wa kuelekea Bujora, na kila msimu alitukanwa. Hakuna mkulima aliyewahi kukubali kwamba gunia lake ni jepesi. Siku zote mizani ndiyo mbovu, na aliyesimama nyuma ya mizani ndiye mwizi. Yeye aliwaacha waseme. Alijua hila zao zote, hasa ile ya kunyunyizia pamba maji usiku ili asubuhi iwe nzito. Kabla ya kupima aliuzamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akaminya, na kama pamba ilikuwa na maji alilirudisha gunia juani bila ubishi.

Mkewe, Wilhelmina, alitoka Nassa, kule ziwa linakoingia nchi kavu kama mkono. Alikuwa mrefu, mwembamba, mcheshi kupita kiasi. Mwaka wa kwanza wa ndoa aliporudi kwao kusalimia, mama yake, Ng'washi, alimtazama kutoka utosini hadi miguuni, kisha akamwuliza mwanawe Maige kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: "Huko kwa Luhaga hawapiki?"

Maige, shemeji mwema lakini asiye na breki mdomoni, aliyafikisha maneno hayo jinsi yalivyo. Luhaga hakuweza kumjibu mama mkwe wake. Mila yao haikuruhusu mkwe na mama mkwe kusimama uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini, na likiwapo neno hupitia kwa mtu wa tatu. Basi alilimeza lile swali, na likamkaa rohoni kwa miaka.

Alichofanya ni kumlisha mkewe. Maziwa asubuhi, sato wa kukaanga jioni, ugali uliopanda sahanini kama mlima. Na kila msimu wa pamba ulipofungwa, wakulima wakishaondoka, Wilhelmina alivua viatu akapanda kwenye ubao wa mizani huku akicheka mpaka mshale unatikisika. "Tulia, mwanamke, nikupime," Luhaga alimwambia. Mwaka mmoja ratili mia na kumi na tano, mwaka uliofuata mia na ishirini. Kwa mwanamke wa urefu ule bado hakuwa mnene hata kidogo, lakini mpima pamba alirudi nyumbani kifua mbele, na akahakikisha Nassa wanapata habari.

Ukaja mwaka wa sitini na moja, mwaka ambao kila mtu alizungumzia Uhuru, na Wilhelmina akaanza kunenepa kweli kweli. Msimu haukuwa umefika nusu, mizani ilisoma mia na arobaini. Wiki chache baadaye, mia na hamsini na kitu. Wanawake kisimani walimpigia vigelegele. "Umenawiri, mwenzetu! Mumeo anajua kutunza." Pete ilimbana kidoleni, viatu vikakataa miguu, na Luhaga akamnunulia vingine kwa furaha, vikubwa zaidi.

Tuseme ukweli, mambo mengine yalikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Chakula kilirudi jikoni nusu hakijaguswa. Alipanda kilima cha nyumbani akipumzika njiani, na alilala ameegemea mito kama mtu aliye safarini. "Ndiyo pumzi ya unene hiyo," Luhaga alisema, na hakujiuliza unene gani huo unaokuja wakati sahani inarudi imejaa. Mizani ilipanda, naye alikuwa ameisubiri ipande tangu siku ya swali la Ng'washi.

Ni Wilhelmina mwenyewe aliyesema, "Nipeleke mjini, baba. Mwili huu si wangu."

Mganga wa zahanati waliyoifikia aliitwa Yahaya, mtu wa mjini, mwenye kofia safi na maneno machache. Luhaga aliharakisha kumtajia ratili. Yahaya alisikiliza, kisha akainama, akakandamiza kidole gumba kwenye muundi wa Wilhelmina, akakiondoa. Palibaki shimo. Wote watatu walilitazama, na halikujaa.

"Mzee Luhaga, haya ni maji," alisema. "Moyo wake umechoka, hausukumi inavyopasa. Nadhani ni athari ya homa za viungo alizougua utotoni."

"Lakini amenenepa," alisema Luhaga.

"Mtu mzima hanenepi hivyo. Mwenye afya uzito wake hutulia. Ukipanda hupanda polepole, na chakula chake unakiona. Ukiruka kwa wiki chache, usifurahi, uliza kuna nini. Na usipime ratili peke yake. Tazama na urefu wake, kiuno, mikono, anavyopumua, kama anapanda mlima. Huyu mabega yake ni mifupa mitupu."

Luhaga aliyatazama mabega ya mkewe. Ilikuwa kweli. Yeye aliyeingiza mkono katika kila gunia la watu kutafuta maji, nyumbani kwake hakuingiza hata kidole. Alitaka kulia mbele ya yule mganga, akajikaza kwa sababu Wilhelmina alikuwa anamtazama.

Hospitali, alikowatuma Yahaya, walimchoma sindano, wakampa vidonge vya moyo na vya kutoa maji. Maji yakatoka. Aliporudi nyumbani alikuwa na ratili tisini na nane, chini kuliko siku alipoolewa. Muda wote ule alikuwa anakonda huku wakimpigia vigelegele. Lakini alipumua. Alilala chali kama watu, akacheka, akaulizia umbea wa kisimani. Yahaya alikuwa amewaonya: vidonge visikatwe hata akijiona mzima.

Habari za kukonda zilifika Nassa haraka kuliko zile za kunenepa zilivyofika. Ng'washi akaja na Maige. Alimkuta mwanawe mifupa, akapiga yowe. Alipokuwa na mwili alikuwa mzima, alisema. Amekwenda kwa madaktari amerudi kijiti. Vidonge ndivyo vinamla. Angempeleka nyumbani, amnyweshe uji na maziwa, arudi mwili.

Luhaga alikuwa nyuma ya nyumba, anasikia kila neno kupitia ukutani. Alimwita Maige akamweleza yote, maji, moyo, vidonge. Maige aliingia ndani na maneno mengi, akafikisha machache: "Shemeji anasema ameze dawa." Basi.

Jioni Wilhelmina alitoka akamfuata. "Sema naye wewe mwenyewe. Mimi hanisikii, ananiona mtoto."

"Nitasimamaje mbele ya mama yako?"

"Kwa miguu yako," alisema Wilhelmina, na safari hii hakucheka.

Hakusimama. Aliona aibu, na aibu ile ikamshinda. Asubuhi alimsindikiza mkewe kwenye basi, akambana mkono Maige, akamsisitizia vidonge. Maige aliapa.

Uhuru ukaja mwezi wa kumi na mbili. Kituoni walikuwa wanafunga majani ya mgomba kwenye nguzo Maige alipotokea, amevaa shati jipya, uso unang'aa. "Shemeji, hongera! Mkeo amerudi mwili. Wiki hizi mbili tu, mashavu haya, miguu hii! Mama anakusalimu, anasema sasa uone kulisha."

Watu waliokuwapo walishangilia, wakampiga Luhaga mgongoni. Yeye alimvuta Maige kando. "Vidonge?" aliuliza.

"Vile mama alivitupa. Si umeona faida yake?"

Luhaga alipanda lori lililojaa watu wanaoimba, akaenda Nassa amesimama, na kila kijiji walichopita walisimamishwa kwa ngoma. Alifika siku ya pili. Aliusikia msiba kabla hajaiona nyumba.

Walimzika Wilhelmina mchana ule ule. Wageni walimsifu marehemu kwamba ameondoka na mwili wake, hakuteseka kwa kukonda. Luhaga alikaa na wanaume, mbali na mlango, kama mkwe anavyopaswa, na hasira ilimpanda mpaka akahisi atasimama awaambie wote ukweli, na Ng'washi wa kwanza.

Kabla hajasimama, Ng'washi alitoka ndani. Alivuka ua akapita katikati ya wanaume, na wengine wakageuza nyuso kwa aibu. Alikuja akasimama mbele ya mkwewe, hatua moja, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza maishani.

"Baba, wewe unajua kupima," alisema. "Niambie. Mwanangu nilimlisha, sikumlisha?"

Luhaga alimtazama yule mama mzee. Mikono yake bado ilikuwa na unga wa uji.

"Ulimlisha, mama," alisema. "Alikuwa mzito."