Gakindu Ilijibu Ikiwa Ndani ya Katoni

Nilitoka Mombasa, nikatangatanga Nakuru, nikachunga mbuzi wa watu Doldol, ndipo nikafika Nyeri, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Chama cha wakulima wa kahawa kilinipa kazi ya majaribio: kuunganisha ofisi yao na tawi lao la Gakindu kwa VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti. Kifaa kimoja kilibaki Nyeri, kingine nikakituma Gakindu wakiwashe. Njia ikipita, ningeajiriwa.

Mbele ya kamati niliandika anwani kwenye kompyuta, nikaiuliza mashine ya Gakindu kama ipo. Majibu yakaja mfululizo.

"Gakindu inajibu," nikasema, kifua mbele. "Upesi kuliko mtu."

Wazee wakapiga makofi. Mwenyekiti, Mama Nyambura, akampigia simu Muthoni, karani wa kule, kumpongeza. Muthoni ana sauti ya sokoni, tulimsikia sote.

"Inajibu nini, mama? Si bado iko kwa katoni. Tunangoja pasta aiombee Jumapili, ndio tufungue."

Nikatazama tena. Anwani ilikuwa ya kifaa cha Nyeri, kilichokuwa kando ya goti langu. Nilikuwa nimejiuliza na kujijibu.

Mama Nyambura akanimiminia chai. "Kunywa, kijana. Jumapili utaenda Gakindu, muombewe pamoja na hiyo mashine."

Nilienda, nikaombewa, nikaajiriwa. Siku niliyoondoka Nyeri kabisa, niliipima njia ile mara ya mwisho, kisha nikapiga simu Gakindu, kuhakikisha ni wao kweli wanaojibu.

"Tuko," akasema Muthoni. "Hata wewe ungekaa."