Soavelo Akataa Kuitupa Ngalawa Yake

Saa nne kasoro robo asubuhi, Soavelo yumo baharini hadi kidevuni, na ngalawa yake imejaa maji pomoni. Mawimbi yanaisukuma kwenye miamba yenye povu. Mbele yake, ngalawa za kijiji kizima cha Ampasimanga, kusini-magharibi mwa Madagaska, zinakimbilia fungu la pweza, mwamba unaoibuka maji yakitoka, lililofungwa miezi mitatu ili pweza wakue na kufunguliwa leo.

Adhuhuri maji yatalifunika tena. Atakayechelewa atarudi mikono mitupu.

“Soavelo! Iache hiyo, panda kwangu!” anaita Mahasolo, mwenye ngalawa ambayo Soavelo aliiazima kwa miaka kumi na mmoja, akimwachia theluthi ya kila alichovua.

“Nenda, kaka Mahasolo! Kwako nimepanda vya kutosha!”

Kisha anamgeukia wifi yake, Tsiravay, aliyeng’ang’ania mrengu, lile gogo la ubavuni linaloizuia ngalawa isipinduke.

“Nani aliyekwambia uondoke hapo?”

“Si walitucheka, wifi! Nilikuwa nawakatikia kiuno kidogo tu.”

“Kidogo? Mashua nzima imekata kiuno!”

Upepo ulikuwa mkali, na Tsiravay ndiye aliyekalia miti ya mrengu ili kuleta uzani. Alipoinuka kuwachezea washindani, tanga lililemea upande mmoja, maji yakaingia kwa wingi.

Soavelo, mama wa watoto watatu mwenye umri wa miaka thelathini na sita, aliinunua ngalawa hii mwezi uliopita kwa ariari laki tatu na nusu, baada ya misimu minne ya kukausha na kuuza samaki. Kijijini pake wanawake huokota pweza, lakini vyombo ni vya waume na kaka zao.

“Shemeji yangu alisema haitamaliza mwezi,” anasimulia baadaye, huku akikamua kanga yake. “Nikaapa kuwa, Mungu akipenda, maneno hayo atayameza.”

Wanang’oa mlingoti na kuufunga kwenye miti ya mrengu. Kisha wote wawili wanashika tezi, nyuma ya chombo.

“Sukuma! Vuta! Sukuma!”

Ngalawa inakwenda mbele na kurudi kwa kishindo, na kila inaporudi maji yanaruka nje kupitia omo, kule mbele. Miamba iko hatua thelathini. Ukingo wa ngalawa unachomoza majini kwa vidole viwili, kisha vinne. Soavelo anakumba maji kwa kopo bila kupumua, Tsiravay akiushika mrengu na kuwaombea radhi mababu wote anaowajua.

“Waache wapumzike wazee wa watu! Shika!”

Tsiravay anajipandisha kwenye mrengu, Soavelo anajitupa ndani kupitia tezi, anachukua kafi, anapiga kwa nguvu zake zote. Wimbi la mwisho linapasuka nyuma yao, nao wamekwisha kuipita miamba. Kule funguni watu wanashangilia kwa vigelegele, na sauti ya Mahasolo inazishinda zote.

Walifika ikiwa imebaki saa moja. Wakapata kilo kumi na tisa za pweza. Wengi walipata zaidi.

Hayo hayamsumbui Soavelo. Wanawake saba wamekwisha kumwuliza namna ya kununua ngalawa, naye amewapa sharti: kwanza waje Jumapili kwenye maji matulivu, awajazie maji chombo chake, wayatoe wenyewe.

“Mimi siji,” anasema Tsiravay.

“Wewe ndiwe utakayetuzamisha, wifi. Kazi hiyo hakuna anayekushinda.”